Shajara ya Mradi: Kidhibiti cha Kasi ya Feni za Kompyuta, Kigamboni, Januari hadi Machi 2025

Jumamosi, 11 Januari

Kazi yangu ya jioni ni kusoma vitabu vya kiada kwa sauti na kuvirekodi kwa ajili ya wanafunzi wasioona, na chumba ninachorekodia hakina kiyoyozi. Ninapoanza kurekodi hulazimika kuzima pangaboi na kufunga madirisha, kwa kuwa msimu huu wa kaskazi pazia halitulii na maikrofoni hunasa kila kitu. Baada ya robo saa chumba huwa kama tanuri, na kompyuta iliyo chini ya meza huendelea kuvuma kama mashine ya kusaga nafaka. Programu za kuondoa kelele zipo na nimezitumia kwa muda mrefu, lakini zinapoufuta mvumo huo hufuta pia sehemu ya herufi: "s" na "sh" hukaribiana, "f" na "th" hupoteza makali yake, na kwa mwanafunzi anayejifunza istilahi mpya kwa sikio tu, hasara hiyo ni kubwa. Nimeamua kuushughulikia mvumo wenyewe mahali unapotoka.

Leo nimefungua kasha na kuorodhesha kilichomo. Feni ya prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, ina pini nne na inaongozwa na bodi kuu, kwa hiyo haina tatizo. Tatizo ni feni mbili za kasha, kila moja ikiwa na upana wa milimita 120 na waya tatu, ambazo zimeunganishwa moja kwa moja na pawasaplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, kwa sababu bodi kuu ina soketi moja tu ya feni. Lebo zake zinaonyesha volti 12 na ampia 0.25. Hii ina maana kwamba tangu kompyuta inapowashwa hadi inapozimwa feni hizo huzunguka kwa kasi yake ya juu kabisa, hata wakati mashine haifanyi kazi yoyote zaidi ya kupokea sauti yangu.

Jumamosi, 18 Januari

Jaribio la kwanza lilikuwa la nusu saa na lengo lake lilikuwa kusikia tu. Katika soketi ya pawasaplai waya wa njano una volti 12, mwekundu volti 5, na mweusi ni wa hasi. Feni ikiunganishwa kati ya njano na nyekundu badala ya njano na nyeusi, hupata tofauti ya volti 7. Mbinu hii inajulikana sana na mafundi huipenda kwa kuwa haina gharama, lakini sitaiacha ndani ya mashine, kwa sababu mkondo wa feni unarudi kupitia njia ya volti 5, ambayo imetengenezwa kutoa umeme na si kuupokea. Hata hivyo nusu saa hiyo ilinifundisha jambo ambalo nilikuwa nimelisoma tu: kasi ya feni ikipungua kwa nusu, hewa inayosukumwa nayo hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Unapoteza hewa kiasi na kupata utulivu mwingi. Mradi huu wote unasimama juu ya hesabu hiyo.

Mchana nimejenga saketi ya LM317, ambayo ni kifaa cha kudhibiti volteji chenye miguu mitatu kinachopatikana karibu katika kila duka la vifaa vya umeme. Nimetumia rezista, yaani kipingamizi cha mkondo, ya omu 240 na potenshomita, yaani rezista inayorekebishwa kwa kuzungusha, ya omu 2,000. Kanuni yake ni kwamba volteji inayotoka ni 1.25 ikizidishwa na moja pamoja na uwiano wa rezista ya pili kwa ya kwanza, hivyo ili kupata volti 7 potenshomita inapaswa kusimama karibu na omu 1,100. Mita ilisoma 6.96. Nilipoizungusha hadi mwisho sikupata 12 bali 10.3 tu, kwa kuwa kifaa hiki hujibakizia karibu volti mbili kwa ajili yake mwenyewe.

Kisha kikaanza kuchoma. Feni mbili kwa volti 7 zilichukua jumla ya ampia 0.28, na volti 5 zilizobaki zinageuka kuwa joto ndani ya LM317, yaani wati 1.4. Kifaa cha umbo hilo kikiwa hakijafungiwa bati la kupoozea hupanda takriban nyuzi 50 kwa kila wati, na chumba changu kilikuwa na nyuzi 31 tayari. Jumla yake inavuka 100. Nilimpelekea mzee mmoja mtaani kwetu aliyetengeneza redio maisha yake yote. Nilimsalimu shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yakiwa yameshakwenda kwenye bati la alumini nililolifunga kwa skrubu. "Mwanangu," akasema, "mgongo wa hiki una umeme unaotoka. Ukigusisha bati lako kwenye kasha umepiga shoti." Ni kweli: sehemu ya chuma ya LM317 imeunganishwa na mguu wa kutolea volteji, na mimi nilikuwa nakusudia kulifunga bati hilo kwenye kasha ambalo ni hasi. Alinipa kipande cha mika, madini yasiyopitisha umeme, chembamba kama ganda la kitunguu, akapaka grisi nyeupe pande zote mbili, akarudishia skrubu pamoja na pete ya plastiki. Hakutaka malipo.

Alhamisi, 23 Januari

Jana usiku nilirekodi sura mbili kwa volti 7 na sauti ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kutoa. Leo mchana nikaiachia kompyuta kazi ya kubana kitabu kizima kuwa faili ndogo ndogo, nikaenda sokoni, na sikukumbuka kurudisha kitufe cha potenshomita kwenye kasi ya juu. Niliporudi prosesa ilikuwa na nyuzi 94 na ilikuwa imeanza kujipunguzia kasi ili isiungue. Kitufe cha mkono kinadai kumbukumbu, na mtu aliyeshughulika na kusoma hawezi kuahidi kumbukumbu kila siku. Kidhibiti lazima kipime joto chenyewe.

Jumamosi, 1 Februari

Kariakoo, asubuhi mapema kabla jua halijakolea. Nimerudi na bodi ndogo ya Arduino Nano, ambayo hupangiwa programu na ina chipu ya ATmega328P, vihisi joto viwili aina ya DS18B20, mosifeti moja na transista chache za 2N2222, ambazo zote ni swichi za kielektroniki, na rezista za kila namna. Vihisi na transista hizi vina umbo moja: pipa dogo jeusi lililokatwa upande mmoja, lenye miguu mitatu, na maandishi yasiyosomeka bila kioo cha kukuzia. Muuzaji aliniwekea vyote katika mfuko mmoja, nami sikuvitenganisha.

Jioni niliunganisha kihisi cha kwanza kinyume. Ukikitazama DS18B20 upande wake bapa, mguu wa kushoto ni hasi, wa kati ni wa data na wa kulia ni chanya. Mimi nilikihesabu kwa upande wa mgongo. Baada ya sekunde chache nilikigusa ili nione kama joto la kidole litasomeka, na ngozi ya ncha ya kidole ikabaki na alama nyeupe. Kwa bahati nzuri kilipogeuzwa na kupoa kilisoma nyuzi 30.8 bila kasoro, na kilikubaliana na mwenzake kwa tofauti ya nyuzi 0.3, jambo linalolingana na ahadi ya mtengenezaji ya usahihi wa nusu nyuzi.

Jumapili, 9 Februari

Siku mbili za mosifeti, na nyingi ya saa hizo zimekwenda kwenye kusikiliza. Wazo ni kuziwasha na kuzizima feni haraka haraka, ili zipate umeme kwa sehemu tu ya kila mzunguko wa mapigo. Joto linalopotea ni dogo mno, na bati la alumini halihitajiki tena. Arduino kwa mpangilio wake wa kawaida hutoa mapigo 490 kwa sekunde kwenye pini ninayoitumia. Feni zilipungua kasi vizuri, lakini zikaanza kuimba. Ilikuwa sauti nyembamba, ya noti moja, kama mbu aliyeko nje ya chandarua, nayo ilikaa katikati kabisa ya masafa ya sauti ya binadamu. Kwa kurekodi ni mbaya kuliko mvumo wa awali, maana mvumo huenea na noti huchoma. Niliposhusha mapigo hadi 30 kwa sekunde noti iliondoka, na mahali pake pakaja mguno wa kutetema unaopita kwenye mguu wa meza hadi kwenye kisimamio cha maikrofoni.

Kuna hasara ya pili. Waya wa tatu wa feni hutoa taarifa ya kasi, lakini unategemea umeme uleule ninaoukata na kuurudisha, kwa hiyo taarifa huvunjika vipande kila feni inapozimwa. Singeweza kamwe kujua kama feni imesimama. Nimeikata njia hii moja kwa moja. Nitanunua feni mbili za pini nne, ambazo hupata volti 12 wakati wote na kupokea amri ya kasi kupitia waya wake wa peke yake. Fedha hiyo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya kipaza sauti kipya, na ninaamini imekwenda mahali panapostahili.

Jumamosi, 15 Februari

Leo ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote, na nitaiandika kwa urefu.

Feni za pini nne zina utaratibu uliowekwa na Intel: waya mweusi ni hasi, wa njano ni volti 12, wa kijani hutoa taarifa ya kasi, na wa buluu hupokea mapigo 25,000 kwa sekunde, ambayo sikio haliwezi kuyasikia. Ili kupata idadi hiyo kutoka kwenye Nano inayokwenda kwa hezi milioni 16 nilikipanga kipima muda nambari moja kihesabu kwenda 320 na kurudi sifuri. Milioni 16 ikigawanywa kwa 640 ni 25,000 kamili.

Lakini kilichonifurahisha hasa ni waya wa buluu wenyewe. Ndani ya feni waya huo umevutwa juu kwa rezista, yaani hubaki na volteji, hivyo usipounganishwa na kitu chochote feni huelewa kwamba imeamriwa kukimbia kwa nguvu zote. Nimeufuata mpango huo hadi mwisho. Badala ya kuufunga waya wa buluu kwenye pini ya Nano, nimeweka transista moja ya 2N2222 katikati: pini inaifikia kupitia rezista ya omu 1,000, na rezista ya omu 10,000 inaivuta hasi wakati pini haisemi lolote. Transista ikiwa imelala, waya uko juu na feni inakimbia. Ili feni ipunguze kasi ni lazima Nano iwe hai, kipima muda chake kiwe kinatoa mapigo, na transista iwe inaushusha waya kwa makusudi. Utulivu unaombwa kila dakika. Upoozaji upo bila kuombwa. Nano ikifa, waya wake ukichomoka au ikijiwasha upya, kinachotokea ni kelele tu, na kelele haiunguzi mashine ya mtu.

Nimeijaribu mara kumi kwa kuchomoa waya unaotoka kwenye Nano huku feni zikinong'ona. Mara zote kumi zilipaa ndani ya sekunde mbili.

Jaribio la kufuata joto halikwenda vizuri mara ya kwanza. Nilishikilia kihisi juu ya mvuke wa kikombe cha chai, joto likapanda kwenye kioo, na feni zikapunguza kasi. Nilikuwa nimesahau kwamba transista inageuza amri: pini ikipanda, waya unashuka. Mstari mmoja wa programu ulitosha kurekebisha, lakini ninaandika hapa kwa kuwa kosa hili lingeingia ndani ya kasha bila mimi kulishuhudia, na kompyuta ingekuwa inazidi kutulia kadiri inavyoungua.

Jumamosi, 22 Februari

Wiki nzima imekuwa ya kutafuta kanuni ya kasi. Mifano mingi ninayoiona imeandikwa kwa vyumba vyenye nyuzi 20: chini ya nyuzi 30 ndani ya kasha feni hulala, na ikifika 45 hukimbia zote. Kwangu chumba chenyewe huwa na nyuzi 31 alfajiri na 34 mchana. Kwa kanuni hiyo feni hazitalala hata siku moja kuanzia Novemba hadi Machi, na zitakuwa zinahangaika kuipoza kompyuta chini ya joto la hewa inayoingia, jambo ambalo hakuna feni duniani inayoliweza.

Ndipo nilipopata matumizi ya kihisi cha pili. Kila DS18B20 ina namba yake ya pekee ya biti 64, kwa hiyo vyote viwili vinakaa kwenye waya mmoja wa data wenye rezista moja ya omu 4,700. Kimoja nimekiweka mbele ya kasha ambapo hewa ya chumba inaingia, na kingine nyuma ambapo hewa iliyopita inatoka. Kidhibiti sasa hakiulizi kasha lina joto kiasi gani. Kinauliza limezidi chumba kwa kiasi gani. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 5 feni hupewa asilimia 30, ikifika 15 hupewa zote, na katikati hupanda kwa ulinganifu. Juu ya kanuni hiyo nimeweka mpaka usiojadiliwa: hewa inayotoka ikivuka nyuzi 55, feni zote zinakimbia bila kujali tofauti.

Jambo la pili la wiki hii limetokana na kusikiliza rekodi na si kusoma vipimo. Feni inayozunguka kwa kasi ya wastani bila kubadilika hupotea masikioni baada ya dakika moja. Feni inayopanda na kushuka, hata kama ni tulivu zaidi, hukamatwa na sikio kila inapobadilika. Kwa hiyo programu sasa hairuhusu kasi kupanda zaidi ya asilimia moja kwa sekunde mbili, wala kushuka mpaka tofauti ya joto iwe imeshuka kwa nyuzi mbili kamili. Mpaka wa nyuzi 55 pekee ndio unaoruhusiwa kuvunja subira hiyo.

Kila nilipowasha, feni zilipaa kwa sekunde chache kisha zikatulia, na ilinichukua muda kuelewa: DS18B20 inapopata umeme huanza na thamani ya nyuzi 85 kabla haijapima chochote, na kipimo kamili huchukua milisekunde 750. Programu ilikuwa inasoma mapema mno. Nimeongeza sekunde moja ya kusubiri.

Jumamosi, 1 Machi

Taarifa ya kasi. Feni hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko, hivyo mapigo 40 kwa sekunde ni mizunguko 1,200 kwa dakika. Waya wa kijani nao unahitaji rezista ya omu 10,000 kwenda volti 5, na nimeuweka. Usomaji wa kwanza ulidai mizunguko 4,300 kutoka kwa feni ambayo lebo yake inasema 1,500. Waya wa kijani umelala sambamba na wa buluu, na mapigo 25,000 ya jirani yanamwagikia upande wake. Nimeyaondoa mapigo yasiyowezekana: pigo lolote linalokuja kabla ya milisekunde 10 kupita halihesabiwi. Sasa ninasoma 1,470 na 1,490 kwa kasi kamili.

Feni ikishuka chini ya mizunguko 300 kwa sekunde tano, mwenzake hupewa kasi yote na king'ora kidogo hulia. Nilisita kuweka king'ora kwenye mashine ya kurekodia, lakini sura iliyoharibika husomwa tena kesho yake.

Jumapili, 9 Machi

Nimelehemu saketi yote kwenye ubao wenye matundu, wa ukubwa wa kiganja. Waya hasi wa Nano na wa feni nimeuunganisha mahali pamoja kwa risasi nene, maana bila hasi ya pamoja transista haina pa kuushushia waya wa buluu. Umeme wa Nano unatoka kwenye waya mwekundu wa pawasaplai, nami nimebandika karatasi inayonikumbusha kuuchomoa kabla ya kuweka kebo ya USB. Mwisho nimepaka vanishi ya wazi pande zote, isipokuwa soketi, kwa sababu hewa ya chumvi ya hapa hugeuza miguu ya shaba kuwa ya kijani katika msimu mmoja, na nimeshapoteza redio mbili kwa namna hiyo.

Usiku huu wa Ramadhani, baada ya tarawehe, nimerekodi sura ya tatu ya kitabu cha Biolojia kwa saa nzima, pangaboi limezimwa na madirisha yamefungwa. Chumba kilianza na nyuzi 31.2 na kumaliza na 33.6, hewa inayotoka kwenye kasha ilipanda kutoka 36.9 hadi 40.4, feni zilibaki kati ya mizunguko 610 na 700 kwa dakika, na prosesa haikuvuka nyuzi 68. Saa tano usiku nilivaa spika za masikioni na kusikiliza bila programu yoyote ya kusafisha. Katika sentensi ya "msukumo wa osmosisi husababisha seli kushiba maji", "s" zote zimesimama kila moja mahali pake, na katika kituo kabla ya aya inayofuata nilisikia ukurasa ukifunuliwa.

Kesho nitabadilisha kichujio cha vumbi, kisha nitafunga ubavu wa kasha kwa skrubu zote nne.